Kuacha Visanduku Vitupu: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Biti kwa Sikwensa ya Mtandaoni

Mtu akifungua sikwensa ya ngoma, yaani jedwali la visanduku la kupangia mapigo ya biti, kwa mara ya kwanza, hujaza. Anaona visanduku vitupu, anabofya kimoja, kinalia, anabofya kingine, na baada ya dakika mbili jedwali zima limewaka rangi huku spika zikitoa vurugu tupu. Hapo wengi hufunga ukurasa wakiamini kwamba hawana kipaji cha muziki. Nimewaona wakifanya hivyo, na huniuma, kwa sababu kipaji hakihusiki. Hakuna aliyewaambia kwamba kwenye biti kisanduku kitupu nacho ni pigo: sikio hulisubiri, na kule kusubiri ndiko kunakomfanya msikilizaji atikise kichwa.

Tutajenga biti moja tangu mwanzo hadi kuihifadhi, kisha tuibadilishe iwe mitindo mingine. Fungua sikwensa yako pembeni na ufanye kila hatua unapoisoma. Ukisoma tu bila kusikiliza, utapata nusu yake.

Chombo unachohitaji

Kompyuta yoyote yenye kivinjari cha kisasa inatosha, na simu pia, ingawa kwenye kioo kidogo kidole hukosea kisanduku mara kwa mara. Vaa hedifoni. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti za chini kabisa, kwa hiyo utaongeza kiki na kuiongeza tena ukidhani ni dhaifu, kumbe ipo na wewe ndiye usiyeisikia. Hedifoni za Bluetooth huchelewesha sauti kidogo. Ukipanga mapigo kwa kubofya, hilo halina madhara. Ukitaka kurekodi kwa kugonga vitufe papo hapo, tumia za waya.

Tovuti ni nyingi. Groove Pizza ya Chuo Kikuu cha New York huchora mzunguko kama duara, na humsaidia sana mtu anayeelewa kwa macho. BeepBox ina uwezo mpana zaidi, kwani unaweza kuandika hata melodi. Kipengele cha mdundo cha Chrome Music Lab ni kizuri kwa mtoto mdogo, ila ni chepesi mno kwa kazi yetu. Vyovyote utakavyochagua, hakikisha unaweza kubadilisha kasi, kuweka swingi (kuchelewesha kidogo baadhi ya mapigo), kupakua kazi yako, na zaidi ya yote, kupunguza nguvu ya pigo mojamoja. Bila hilo la mwisho, nusu ya pili ya mwongozo huu hutaweza kuifuata.

Ukurasa ukifunguka kimya, usihangaike. Vivinjari vingi huzuia sauti mpaka ubofye mahali fulani ndani ya ukurasa. Bonyeza kitufe cha kuchezesha mara moja. Kwenye iPhone, angalia pia kama simu haijawekwa kwenye hali ya kimya.

Kulisoma jedwali

Kila safu ya mlalo ni chombo kimoja. Kiki ni ngoma kubwa ya chini, ile ambayo mpigaji huikanyaga kwa mguu. Sneya ni ngoma yenye mlio mkavu unaokatika. Haihati ni matoazi mawili yanayokutana: yakifungwa hutoa "tsi" fupi, yakiachwa wazi hutoa "tssss" ndefu. Utakuta pia klapu, yaani makofi, na pengine tomu, ngoma yenye mlio mzito kuliko sneya, na vikolezo vingine.

Kutoka kushoto kwenda kulia ni muda. Kwa kawaida kuna hatua 16. Alama hutembea juu yake, ikifika ya 16 inarudi ya 1, na safari hiyo moja tutaiita mzunguko. Hatua hizo zimegawanyika katika mafungu manne ya hatua nnenne, na mwanzo wa kila fungu ndipo mguu wako unapogonga sakafu: 1, 5, 9 na 13. Zikariri namba hizo nne. Utazihitaji katika kila biti utakayotengeneza.

Mpangilio huu una historia. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma ya TR-808, yenye safu ya vitufe 16 chini yake, vinne vyekundu, vinne vya rangi ya chungwa, vinne vya njano na vinne vyeupe. Kurasa nyingi za leo bado hubadilisha rangi ya visanduku kila baada ya hatua nne, na sababu ni ileile: jicho lijue lilipo bila kuhesabu.

Kasi hupimwa kwa BPM, yaani idadi ya mapigo ya mguu kwa dakika. Gawa 60 kwa BPM, utapata urefu wa pigo moja kwa sekunde. Gawa tena kwa 4, utapata urefu wa hatua. Kwenye BPM 120 pigo ni sekunde 0.5 na hatua ni sekunde 0.125. Kwenye BPM 90, ambayo tutaitumia, hatua ni kama sekunde 0.167 na mzunguko mzima ni kama sekunde 2.67. Hesabu hii itatusaidia tena mbele.

Anza na sneya

Weka kasi 90. Futa kila kitu. Wengi huanza na kiki, mimi huanza na sneya kwa sababu ndiyo nguzo isiyohama. Bofya 5 na 13 (hapa chini x ni pigo, nukta ni kisanduku kitupu):

Sneya: .... x... .... x...

Chezesha na uiache izunguke mara nne au tano. Gonga mguu kwenye 1, 5, 9 na 13, upige makofi pamoja na sneya. Usiongeze kitu mpaka mwili wako ujue inapoanguka bila kutazama kioo.

Kiki, na kisanduku cha 9

Sasa weka kiki kwenye 1 na 9:

Kiki: x... .... x... ....

Hii ni biti tayari. Kiki, sneya, kiki, sneya. Haina kosa lolote, ila haimshangazi mtu. Iache izunguke, kisha ukiwa unasikiliza, ondoa kiki ya 9 na uiweke kwenye 11:

Kiki: x... .... ..x. ....

Sikiliza kilichotokea. Mwili ulikuwa umezoea kupata uzito kwenye 9. Safari hii unafika hapo ukute patupu, unaning'inia kwa hatua mbili, ndipo kiki inaingia na kukusukuma moja kwa moja kwenye sneya ya 13. Hatujaongeza sauti hata moja, idadi ya mapigo ni ileile. Tulichofanya ni kuhamisha utupu mpaka mahali ambapo sikio linaujali.

Ongeza sasa kiki ya tatu kwenye 8:

Kiki: x... ...x ..x. ....

Kiki ya 8 inatangulia kidogo kabla ya pale mguu unapogonga, ile ya 11 inachelewa baada yake, na 9 yenyewe imekaa kimya katikati. Rudisha kiki kwenye 9 kwa muda, usikie jinsi mvutano wote unavyoyeyuka, halafu iondoe. Fanya hivyo mara kadhaa. Kama kuna sehemu moja ya mwongozo huu ya kurudia kesho na kesho kutwa, ni hii, kwa sababu kila biti unayoipenda ina kisanduku chake cha 9: mahali ulipotegemea kitu, na mtengenezaji akakunyima kwa makusudi.

Haihati na nguvu ya mapigo

Weka haihati ya kufungwa kwenye hatua zote za namba witiri:

Haihati: x.x. x.x. x.x. x.x.

Biti imepata mwendo, lakini inasikika kama saa ya ukutani. Sababu ni kwamba mapigo yote manane yana nguvu sawa, na hakuna mkono wa binadamu unaopiga hivyo. Tafuta sehemu ya kubadilisha nguvu. Kwenye tovuti nyingine unaburuta kisanduku juu au chini, kwenye nyingine unabofya mara ya pili, na nyingine huonyesha vijiti chini ya jedwali. Vipimo hutofautiana pia, vingine ni asilimia, vingine ni 0 hadi 127. Kwa kipimo cha 127, weka haihati za 1, 5, 9 na 13 kwenye 100 hivi, na za 3, 7, 11 na 15 kwenye 60.

Sasa inapumua. Na angalia haihati ya 9: ipo, na inaonyesha mahali ambapo kiki imekosekana. Bila alama hiyo ndogo, pengo lingesikika kama kosa.

Bado tupo kwenye nguvu. Katikati ya mapigo makubwa, wapiga ngoma wazuri huigusa sneya kwa ncha ya fimbo kwa mapigo madogo, taratibu kiasi kwamba msikilizaji hayatambui mapigo hayo madogo mpaka yaondolewe. Mimi huyaita mapigo ya kunong'ona. Weka sneya kwenye 10 na 16, kisha shusha nguvu yake mpaka 30 hivi kati ya 127. Ukiyasikia waziwazi, bado yana nguvu nyingi. Namna ya kupima ni hii: yazime, uwashe, uzime. Ukihisi kwamba biti imepungukiwa bila kujua ni nini hasa kilichotoka, umeyapatia.

Swingi

Hiki ndicho kitufe kinachogeuzwa sana na kueleweka kidogo. Swingi huchelewesha hatua za namba shufwa, yaani 2, 4, 6 na kuendelea, na huziacha za namba witiri mahali pake. Basi. Ina maana kwamba kama mapigo yako yote yapo kwenye namba witiri, utazungusha kitufe hicho mpaka mwisho na hakuna kitakachobadilika. Watu wengi hudhani kimeharibika.

Kwenye biti yetu, mapigo ya shufwa ni matatu tu: kiki ya 8 na minong'ono ya 10 na 16. Hayo ndiyo yatakayosogea. Mhandisi wa Marekani Roger Linn aliiweka swingi kwenye mashine yake ya ngoma ya LM-1 ya mwaka 1980, na kipimo kilichozoeleka hadi leo ni asilimia ambamo 50 ni kunyooka kabisa na takriban 66 ni mgawanyo wa theluthi, yaani hatua ya kwanza ya kila jozi huchukua theluthi mbili za muda na ya pili theluthi moja. Kwenye BPM 90, jozi ya hatua mbili ina sekunde 0.333. Kwa asilimia 50, hatua ya pili inaanguka katikati, sekunde 0.167. Kwa asilimia 60 inaanguka sekunde 0.2. Tofauti ni kama sekunde 0.033, muda ambao jicho halitambui ila kiuno kinautambua. Anza na 56, panda polepole hadi 62, usimame pale unapohisi biti imelegea vizuri bila kuchechemea. Tovuti nyingine huanza kuhesabu kutoka 0 badala ya 50, kwa hiyo fuata sikio kuliko namba.

Haihati ya wazi

Ondoa haihati ya kufungwa kwenye 15 na uweke ya wazi mahali pake. Mlio wake utavuta pumzi mwishoni mwa mzunguko na kukurudisha kwenye 1. Kwenye ngoma halisi toazi likifungwa mlio hukatika, na sikwensa nzuri hufanya hivyohivyo: haihati ya kufungwa ya hatua ya 1 inaikata ile ya wazi. Kama yako haifanyi hivyo, fupisha mlio wa haihati ya wazi, la sivyo utamwagika juu ya kiki na kuichafua.

Biti kamili sasa ni hii:

Haihati: x.x. x.x. x.x. x.o.
Sneya: .... x... .n.. x..n
Kiki: x... ...x ..x. ....

Herufi o ni ya wazi, n ni mnong'ono.

Kuchagua na kusafisha sauti

Mpangilio uleule huweza kuwa biti tatu tofauti kwa kubadilisha sauti tu. Kiki ya TR-808 ina mkia mrefu wa chini unaofanya kazi ya besi. Ya TR-909, iliyotoka mwaka 1983, ni fupi na inapiga kifuani. Ukitumia yenye mkia, kumbuka hesabu yetu: kutoka kiki ya 8 hadi ya 11 ni hatua tatu, yaani nusu sekunde. Mkia ukizidi hapo, kiki mbili zitapandana na sehemu ya chini itakuwa tope. Ufupishe.

Sauti ikianza kukwaruza kila kiki na haihati zikigongana kwenye hatua moja, ni kwa sababu sauti zinazolia pamoja hujumlishwa na jumla imevuka kikomo. Shusha safu zote kwa kiasi kilekile. Usiikimbilie kiki peke yake.

Mizunguko minne badala ya mmoja

Mzunguko mmoja ukirudiwa dakika tatu huchosha hata uwe mzuri vipi. Nakili wako mara nne, kisha uguse kidogo tu. Wa kwanza na wa tatu uache kama ulivyo. Kwenye wa pili, ondoa mnong'ono wa 16 na uweke kiki hapo. Kwenye wa nne, ondoa kiki za 8 na 11, kisha weka sneya kwenye 15 na 16 zikipanda nguvu, 60 halafu 90, mahali pa haihati ya wazi na mnongʼono. Ile 1 inayofuata itaanguka kwa uzito maradufu, kwa sababu kiki ilikuwa imetoweka kwa muda. Ni mbinu ileile ya kisanduku cha 9, safari hii kwa mzunguko mzima.

Ukitaka utangulizi, cheza mizunguko minne ya kwanza bila kiki. Ukitaka kumwachia mwimbaji nafasi, toa haihati anapoanza. Kuzima safu ni kubofya mara moja, na hakuna mapambo yanayoweza kuishinda nguvu yake.

Kugeuza mtindo

Haus (house, muziki wa kudansi wa klabu): kasi 120 hadi 128, kiki 1, 5, 9, 13, klapu 5 na 13, haihati ya wazi 3, 7, 11, 15. Hapa kiki haimnyimi mtu kitu, utupu unaoujali upo baina ya kiki, na haihati ya wazi ndiyo inayouitikia.

Mdundo unaoibeba reggaeton: kasi 90 hadi 100, kiki 1, 5, 9, 13, na sneya 4, 7, 12, 15. Angalia kwamba sneya haikutani na kiki hata mara moja.

Klave ya Cuba ya tatu kwa mbili, yaani mapigo matatu nusu ya kwanza ya mzunguko na mawili nusu ya pili: 1, 4, 7, 11, 13. Ipige kwa sauti kavu ya mbao peke yake kwa muda kabla ya kuongeza chochote.

Kisha jaribu hatua 12, na hapa ningependa ukae zaidi. Sikwensa nyingi hufunguka na 16 na watu hawaondoki hapo, wakati sehemu kubwa ya ngoma za Afrika hutembea kwa mafungu ya tatutatu. Badilisha idadi ya hatua iwe 12, weka kiki kwenye 1, 4, 7 na 10, kisha kengele ifuate mpangilio huu unaosikika Afrika Magharibi na ya Kati:

Kengele: x.x.xx.x.x.x

Ni mapigo 7 ndani ya hatua 12. Ukigonga mguu kwenye kiki na kuifuata kengele kwa mkono, utahisi mambo mawili yakienda kwa pamoja bila kugombana. Uangalie tu mtego mmoja wa kasi: tovuti nyingi bado huhesabu pigo moja kuwa hatua nne, hivyo ukiwa na mafungu ya tatu mdundo utaenda mbio kuliko namba inavyosema. Zidisha kasi unayoitaka kwa robo tatu. Ukitaka mguu ugonge mara 120 kwa dakika, andika 90.

Kuhifadhi

Niliwahi kupoteza biti ya saa mbili kwa kufunga ukurasa nikidhani umejihifadhi. Tangu siku hiyo nahifadhi mara tu sneya na kiki zinapoelewana. Baadhi ya tovuti, BeepBox ikiwemo, huiweka kazi yako yote ndani ya anwani ya ukurasa, kwa hiyo ukinakili kiungo na kukiweka mahali salama umeihifadhi biti nzima. Nakili upya kila unapobadilisha kitu, maana kiungo cha zamani hufungua biti ya zamani.

Ukimaliza, pakua WAV kama unataka sauti yenyewe, na MIDI kama unataka kuendelea kuipanga kwenye programu nyingine. MIDI haibebi sauti, inabeba maagizo tu: chombo gani, lini, kwa nguvu gani. Kwa mpango wa kawaida kiki ni namba 36, sneya 38, klapu 39, haihati ya kufungwa 42 na ya wazi 46. Kama kwenye programu mpya sneya yako inalia kama tomu, angalia namba hizo kwanza.

Ukiingiza WAV mahali pengine, weka kasi ya programu hiyo kuwa 90 kabla ya kuiburuta ndani. Mizunguko minne inapaswa kuwa sekunde 10.67. Faili ikiwa ndefu zaidi, kuna mkia wa haihati au ukimya mwishoni. Ukate hapohapo kwenye 10.67, kisha sikiliza pale mwisho unapokutana na mwanzo. Hapo ndipo dosari ya sehemu ndogo ya sekunde husikika kwanza, kwa sababu kiki ya 1 haitaanguka pale mguu wako unapoisubiri.